MAMBO YA KUJIFUNZA SAFARINI: HORI LILILOZIBWA NA MIFEREJI ILIYOTUNZWA

Mtu aliyezaliwa Birongo, katika milima ya Kisii, huyajua maji tangu utoto wake. Huyaona wakati wa mvua yakishuka mgongoni mwa kilima, yakipita kati ya migomba na michai, yakaingia katika kijito cha bondeni, na huko yakaanza safari ndefu ya kwenda Ziwa Victoria. Mji ambao barabara zake ni maji hajapata kuuona. Basi akiambiwa kwamba katika nchi ya mbali iko nyumba ya makumbusho iliyowekwa makusudi kwa ajili ya historia ya mifereji ya mji, huenda akatabasamu na kuuliza: "Mfereji nao una historia gani? Je, si handaki lenye maji tu?"

Swali hilo ni la haki, nalo lastahili kujibiwa vizuri. Handaki laweza kuchimbwa na mtu mmoja kwa siku moja. Mfereji wa mji huchimbwa na watu wengi, hutunzwa na wajukuu wao, wala hauwezi kudumu ila kwa mapatano baina ya wale wakaao upande wa juu na wale wakaao upande wa chini. Wa juu akitupa taka, wa chini huzipokea. Wa chini akiziba njia, wa juu hufurikiwa. Kwa hiyo historia ya mfereji ni historia ya mapatano hayo: ni nani walioyaweka, ni nani walioyashika, na ni lini yalipovunjwa.

Mtu atakaye kujifunza jambo hili hana haja ya kuanzia Ulaya. Na aanzie Unguja, ambako njia kubwa ya maji ilipita kando ya mji kwa miaka mingi, nayo leo haionekani tena.

MJI ULIOKUWA KARIBU KISIWA

Mji Mkongwe wa Unguja ulijengwa juu ya rasi. Upande wa magharibi ni bahari yenyewe. Upande wa mashariki palikuwa na hori, yaani mkono wa bahari uingiao katika nchi kavu. Hori hilo liliingia kutoka kaskazini, karibu na Funguni, likazunguka nyuma ya mji mpaka kukaribia Mnazi Mmoja upande wa kusini. Bahari ilipojaa, mji ulikuwa karibu kisiwa, umeshikwa na nchi kwa shingo nyembamba ya ardhi. Bahari ilipokupwa, palibaki tope.

Majina mawili ya mahali yamehifadhi habari hiyo kuliko kitabu. La kwanza ni Darajani, mahali watu walipovukia hori. La pili ni Ng'ambo, upande wa pili wa maji. Kila ajuaye Kiswahili, hata kama hajatoka Birongo maisha yake yote, aweza kuyasikia majina hayo mawili na kufahamu kwamba hapo palikuwa na maji, na juu ya maji palikuwa na daraja.

Upande wa Mji Mkongwe zilisimama nyumba za mawe za watawala na matajiri. Upande wa Ng'ambo zilienea nyumba za udongo na makuti. Huko walikaa wavuvi, wachukuzi, mafundi, watu waliotoka utumwani, na wengi waliokuja kutoka bara kutafuta riziki. Hori likawa njia ya maji, tena likawa mpaka wa watu. Aliyekaa ng'ambo alivuka daraja asubuhi kwenda kufanya kazi mjini, na jioni alivuka tena kurudi kwake.

Mgeni akitaka kuifuata njia ya hori hilo leo, na aanzie Mnazi Mmoja. Hapo lipo jumba jeupe lenye kuba, lililofunguliwa mwaka 1925 liwe makumbusho, tena liwe ukumbusho wa amani baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Ramani yake ilichorwa na J. H. Sinclair, ambaye aliwahi kuwa mwakilishi mkuu wa Uingereza Unguja. Lakini mgeni asiitazame nyumba hiyo peke yake. Na ageuke aviangalie viwanja vya michezo vilivyo karibu nayo. Mahali vijana wanapokimbiza mpira, bahari ilikuwa ikiingia na kutoka.

Kisha na ashike barabara kuu kwenda kaskazini. Barabara hiyo sasa huitwa kwa jina la Benjamin Mkapa, aliyekuwa Rais wa Tanzania, lakini kwa miaka mingi ilijulikana kwa neno la Kiingereza lenye maana ya hori. Mbele kidogo atalikuta soko kuu la Darajani, lililojengwa mwaka 1904. Hapo samaki, viungo na matunda huuzwa kwa kelele nyingi. Akiuliza daraja liko wapi, ataonyeshwa lami.

MAJI SAFI YALIYOINGIA, MAJI MACHAFU YASIYOTOKA

Yafaa kueleza jinsi hori lile lilivyotoweka, maana halikutoweka kwa siku moja.

Katika karne ya 19 mji wa Unguja ulikua upesi kwa biashara ya karafuu, pembe za ndovu na watumwa. Watu waliongezeka, na takataka zao ziliongezeka pamoja nao. Nyingi zilitupwa pwani na katika hori. Maji ya kunywa yalitoka visimani, na visima vingi vilikuwa karibu na uchafu. Kipindupindu kilipofika mwaka 1869 na kuendelea hadi 1870, kiliua watu kwa maelfu. Daktari mmoja, James Christie, aliyekuwa akikaa Unguja wakati huo, alichunguza jinsi maradhi hayo yalivyosafiri katika Afrika ya Mashariki, akatoa kitabu juu ya habari hiyo mwaka 1876.

Mwaka ule ule wa 1870 Sayyid Barghash bin Said alikalia kiti cha usultani, akatawala mpaka 1888. Katika mambo anayokumbukwa kwayo, moja kubwa ni maji. Aliyaleta maji ya chemchemi kutoka upande wa Bububu, kaskazini ya mji, yakapita katika mabomba mpaka mjini, na wenyeji wakayateka bila kulipa. Mtu aliyekuwa akinywa maji ya kisima chenye chumvi na uchafu alipata maji matamu ya chemchemi. Hiyo ilikuwa kazi kubwa, nayo yastahili sifa.

Hata hivyo, palibaki upungufu. Maji safi yalipata njia nzuri ya kuingia mjini, lakini maji machafu hayakupata njia nzuri ya kutoka. Hori liliendelea kuwa jalala la mji. Kila mtu alilitumia, na hapakuwa na mtu aliyelihesabu kuwa mali yake. Wa mjini alitupa upande wake, wa Ng'ambo alitupa upande wake, na bahari ilipokupwa uvundo haukubagua nyumba ya mawe na nyumba ya makuti. Kitu cha wote kisipowekewa mlinzi huwa si cha mtu yeyote.

Mwishoni dawa iliyoonekana rahisi ilikuwa kulifukia. Sehemu ya kusini ilifukiwa kwanza, ndiyo iliyotoa viwanja vya Mnazi Mmoja. Sehemu nyingine zilifuata kidogo kidogo, na katika miaka ya 1950 kazi ilikamilika. Haifai kuwalaumu tu waliofanya hivyo. Mbu walikuwa wengi, harufu ilikuwa mbaya, na mji ulihitaji ardhi. Lakini maji hufuata mkondo, na mkondo hauambiwi kwamba umefutwa katika ramani. Mvua ya masika inyeshapo juu ya Ng'ambo, maji yake hutafuta bahari kama yalivyofanya zamani, na yasipopata njia hukaa katika nyumba za watu wa mabondeni. Ndiyo sababu Serikali ya Zanzibar, kwa mkopo wa Benki ya Dunia uliopitishwa mwaka 2011, ilichukua kazi ya kujenga mitaro mikubwa ya kupitisha maji ya mvua mjini. Njia iliyopewa bure na maumbile ilizibwa, kisha nyingine ikajengwa kwa fedha nyingi.

NYUMBA YA MIFEREJI MJINI AMSTERDAM

Katika miaka ya 2010 idara ya mipango miji ya Zanzibar ilitengeneza mpango wa kuiendeleza Ng'ambo, ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo. Katika kazi hiyo ilishirikiana na wataalamu kutoka mji wa Amsterdam, katika nchi ya Uholanzi. Jambo hilo halikuwa la ajabu. Ikiwa kuna mji duniani uliopata taabu ya maji, ukajifunza kuishi nayo, ni huo. Nao ndio mji wenye nyumba ya makumbusho ya mifereji iliyotajwa mwanzo.

Nyumba hiyo ipo kando ya mfereji uitwao Herengracht, nambari 386. Ilijengwa katika miaka ya 1660 kwa ramani ya Philips Vingboons, mjenzi mashuhuri wa wakati wake, iwe makao ya tajiri. Mwaka 2010 mifereji ya karne ya 17 ya Amsterdam iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka 2011 nyumba hiyo ilifunguliwa kuwa makumbusho. Ndani yake mgeni huonyeshwa, kwa picha za mwanga na kwa mifano midogo ya mji na nyumba, jinsi mji ulivyopangwa na kujengwa.

Kwanza hujifunza kwamba mji huo ulijengwa juu ya kinamasi. Ardhi ni laini mno, na nyumba haziwezi kusimama juu yake. Kwa hiyo wajenzi walipigilia nguzo za miti chini ya kila nyumba, zikapenya udongo laini mpaka kufikia tabaka la mchanga mgumu, mita 10 na zaidi kwenda chini. Mtu wa Kisii, ambaye huchimba msingi na kukuta ardhi ngumu ya kilima, hana budi kustaajabu akiwaza kwamba mji mzima umesimama juu ya msitu uliozikwa.

Kisha hujifunza kwamba mwaka 1613 wakuu wa mji walianza kuchimba mifereji mikubwa mitatu iuzungukao mji kama pete. Mfereji mmoja ulifanya kazi nyingi. Ulikausha kinamasi, ulipitisha mashua zilizoleta shehena mpaka mlangoni mwa ghala, na udongo wake uliinua viwanja vya kujengea. Hakuna mwenye nyumba ambaye angaliweza kuifanya kazi hiyo peke yake.

Lakini mgeni asidhani kwamba watu wa Amsterdam walikuwa wasafi tangu zamani. Kwa muda mrefu walitupa uchafu wao ndani ya mifereji ile ile, mpaka wageni wakaziba pua. Maji yake hayakufaa kunywewa, na maji safi yaliletwa kwa mashua kutoka mto Vecht. Mwaka 1853 ndipo maji ya mabomba yalipoanza kufika, kutoka katika vilima vya mchanga vya pwani. Kipindupindu kiliupiga mji huo katika karne ya 19 kama kilivyoipiga Unguja. Nao pia walifukia baadhi ya mifereji yao; mmoja uliokuwa katikati ya mji, uitwao Nieuwezijds Voorburgwal, ulifukiwa mwaka 1884 ukawa barabara.

Tofauti ilikuja baadaye. Mwaka 1954 mkuu wa polisi wa Amsterdam, Bwana Kaasjager, alitoa shauri kwamba mifereji mingine ifukiwe ili magari yapate njia. Wenyeji wakakataa kwa kelele nyingi, na shauri likaanguka. Yafaa msomaji azilinganishe tarehe. Katika miaka ile ile ya 1950 ambayo Unguja ilimaliza kulifukia hori lake, Amsterdam ilikataa kuifukia mifereji yake. Wote wawili walijua harufu ya maji machafu. Mmoja aliiondoa njia ya maji, mwingine aliutafutia uchafu njia nyingine, akaiacha ile ya maji. Kwa miaka mingi maji ya mifereji ya Amsterdam yamekuwa yakibadilishwa usiku, kwa kufungua na kufunga milango ya maji na kuingiza maji mapya kutoka upande wa ziwa.

SHERIA YA KOLEO

Nguvu ya kukataa namna ile haikutoka hewani. Waholanzi wana mabaraza ya maji yaliyo ya kale mno. Baadhi yalianza katika karne ya 13. Mwenye ardhi hulipa ada kwa baraza, na baraza hutunza kuta za kuzuia maji, mitaro na milango yake. Zamani ziko sehemu za pwani hizo ambako kila mwenye shamba alipewa kipande chake cha ukuta akitunze. Aliyeshindwa kukitunza alichomeka koleo katika ardhi yake, akaondoka. Aliyeling'oa koleo hilo alichukua shamba, akachukua na wajibu wa ukuta pamoja nalo. Hakupewa kimoja bila kingine.

Asiseme mtu kwamba hiyo ni akili ya Ulaya tu. Katika Kenya yenyewe, Wamarakwet wa bonde la Kerio wamekuwa na mifereji ya kumwagilia mashamba kwa karne nyingi. Maji hutolewa katika mito ya milimani, yakaongozwa juu ya miamba na kando ya majabali mpaka mashamba ya bondeni. Mifereji hiyo ni mali ya koo, na kila ukoo hutoa watu wake kuifanyia kazi inapobomoka. Mtu asiyetokea siku ya kazi hawezi kudai maji kama mwenye haki. Hawakuandika sheria zao katika vitabu, lakini sheria zipo, na mifereji ipo.

NYAKOMISARO NA VIJITO VINGINE

Sasa msomaji wa Birongo aweza kurudi nyumbani na kuyatazama mabonde yake kwa macho mapya. Katika nchi ya Kisii shamba la mtu mara nyingi huanzia juu mgongoni mwa kilima na kushuka mpaka kijitoni. Mashamba hayo yamegawanywa baina ya wana, na kisha baina ya wajukuu, mpaka yakawa membamba. Kila kipande kimegusa maji. Hivyo kijito kimoja kina wenyewe wengi, na kitu chenye wenyewe wengi kimekwisha elezwa hapo juu.

Ndani ya mji wa Kisii hupita kijito kiitwacho Nyakomisaro. Kwa miaka mingi kimepokea taka za mji na maji machafu, kama hori la Unguja lilivyopokea. Huko mashambani, mikaratusi imepandwa mabondeni mahali pa majani ya kinamasi, kwa sababu hukua upesi na huuzwa kwa bei nzuri. Faida yake ni ya kweli, na mzazi anayetafuta ada ya shule hawezi kuidharau. Lakini mti huo hunywa maji mengi, na chemchemi iliyo karibu nao hupungua. Mwaka 2009 John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, aliamuru mikaratusi iondolewe kando ya mito na vyanzo vya maji. Miaka miwili kabla yake, kanuni za maji za mwaka 2007 zilikuwa zimeweka ukanda wa kuhifadhiwa kila upande wa mto, usiopungua mita 6 na kufika hata mita 30, kwa kadiri ya upana wa mto wenyewe.

Amri na kanuni ni vitu vyema, ila hazina macho ya kukesha bondeni. Kwa hiyo sheria za maji za Kenya, ile ya mwaka 2002 na ile ya 2016, zimewapa wananchi nafasi ya kuunda vyama vya watumiaji wa maji, ambavyo wa juu na wa chini wa mto mmoja hukaa pamoja kushauriana. Chama cha namna hiyo ndicho ndugu wa baraza la Waholanzi na wa ukoo wa Wamarakwet. Lakini kikiwa na mwenyekiti na muhuri, kisiwe na siku ya kazi, ni jina tu.

Mwalimu wa shule aweza kuanza hata bila fedha. Na awachukue wanafunzi wake siku moja, wakifuate kijito kilicho karibu na shule kutoka chemchemi yake mpaka kinapoungana na mto. Na waandike kila wanachokiona: nani anateka, nani ananywesha ng'ombe, nani anafua, nani anatupa, nani amepanda nini ukingoni. Kisha na wawaulize wazee ni chemchemi zipi zilizokuwapo walipokuwa vijana, na majina yake yaliitwaje. Daftari hilo likihifadhiwa shuleni, Birongo itakuwa imepata mwanzo wa makumbusho yake ya maji.

Kazi hiyo isicheleweshwe, maana wazee hawangoji, na hata nyumba za kumbukumbu huanguka. Kule Unguja, jumba la Beit al-Ajaib, alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883 na ambalo baadaye lilifanywa makumbusho, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, wakati lilipokuwa likitengenezwa. Ufa usiozibwa mapema hudai ukuta mzima.

Mtoto wa Unguja leo husema "Darajani" kila siku bila kuona daraja wala maji. Kwake limebaki jina. Watoto wa Kisii bado wanaweza kutaja Nyakomisaro na kuonyesha kwa kidole maji yanayopita. Kama wajukuu wao wataweza kufanya vivyo hivyo, ni shauri la wale wanaomiliki kingo zake sasa, wa juu na wa chini, na la siku watakayokubali kukutana na majembe yao.